PICHA YA BI RUHUWIKO



Nyumbani kwetu Wete, katika kisanduku cha mvule alichokiacha marehemu babu, palikuwa na picha ya mwanamke amesimama, amempakata mtoto mchanga. Ni picha ndogo kadiri ya kiganja, nayo imegeuka rangi ikawa kama makonyo makavu. Nyuma yake pameandikwa kwa penseli neno moja tu: Ruhuwiko. Basi sisi watoto tukamwita mwanamke yule Bi Ruhuwiko. Tukimwuliza bibi yetu, Bi Ruhuwiko ni nani, hutujibu, "Mwulizeni babu yenu." Na babu tukimwuliza, hutujibu, "Nendeni mkachume karafuu."

Babu alifariki mwaka 1994, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hakupata kutueleza. Tulijua tu kwamba alikuja Pemba kutoka Mrima, kwamba alikuwa mchumaji hodari wa kupanda mikarafuu mirefu, na kwamba baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 alipata eka tatu kama wenziwe, hizo hizo tunazozihudumia sisi hivi leo. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kulima muhogo chini ya mikarafuu ya mwenye shamba, kwa ruhusa.

Miaka ikapita. Kijana mmoja wa upande wa mke wangu akapelekwa Songea kwa kazi ya jeshi. Aliporudi likizo akakaa barazani kwetu akisimulia habari za huko, za baridi yake na mahindi yake, na kwamba yeye alikuwa akipita Ruhuwiko kila siku. Nikamwambia, "Wampita nani?" Akasema, "Si mtu, ni mahali. Ni kata ya mji wa Songea, huko kwenye kiwanja cha ndege." Nami nimekaa miaka arobaini nikimwombea dua Bi Ruhuwiko kwa jina la kata!

Siku ile ile nikakitoa kile kisanduku nikakichungua upya. Mlikuwa na stakabadhi kadhaa za ile Clove Growers' Association ya zamani, iliyoanzishwa mwaka 1927, na za shirika la biashara lililoundwa mwaka 1968, ambalo wote twalijua. Mlikuwa na kisu cha kukatia matawi, kimeliwa na kutu. Na chini kabisa mlikuwa na kadi nene iliyokunjwa, yenye visanduku thelathini, na nambari, na jina ambalo si jina tulilomjua babu.

Hicho kilikuwa kipande. Vijana huenda hawakijui. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika mtu alipewa kadi ya siku thelathini za kazi, na kila siku aliyomaliza sehemu yake alitiwa alama moja. Alama zikitimia thelathini ndipo hulipwa ujira wake wa kipande kile, na kama hazijatimia, hana chake. Watu hawa wakaitwa manamba kwa sababu ya nambari zao. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kutafuta wafanya kazi, ikiitwa SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, nayo ilikwenda mbali sana kuwachukua watu. Songea palikuwa mahali pamoja walipochukuliwa wengi, Wangoni na Wamatengo na wenziwao, wakapelekwa Tanga na kwingineko.

Nikazihesabu alama katika kipande cha babu. Zilikuwa kumi na tisa. Nikarudia kuhesabu, kumi na tisa. Yaani babu aliondoka shambani kabla hajamaliza, akaacha ujira wa siku kumi na tisa, akaichukua kadi yake. Mtu haachi fedha yake hivi hivi. Na kwa sheria ya siku zile mtu wa mkataba akitoroka kazini lilikuwa ni kosa la kushitakiwa, si jambo la kuachwa na mwajiri wake tu. Hapo nikaanza kufahamu kwa nini mtu aliyetoka Songea hakupata kurudi Songea.

Nilipomwambia baba mkubwa kwamba nataka kwenda, hakufurahi. Yeye ndiye mkubwa wetu, mtoto wa kwanza wa babu hapa Pemba, aliyezaliwa mwaka 1956. Aliniambia mbele ya watu, "Wewe waenda kuamsha waliolala. Mtoto yule wa pichani kama yu hai, ni mtoto wa baba yetu. Akija akisema nataka changu, utamjibu nini? Eka tatu hizi hazitutoshi sisi wenyewe." Wakati huo karafuu zilikuwa zinakaribia kuiva, na ninyi mwajua msimu unapokaribia watu huwa wakali. Lakini nakiri kwamba neno lake lilikuwa na uzito. Wengi wetu tumekwisha kuona ndugu wa tumbo moja wakishitakiana kwa mikarafuu sita.

Nikaenda. Ilikuwa mwezi wa Juni mwaka 2024. Kutoka Dar es Salaam basi hupita Morogoro, na Iringa, na Makambako, na Njombe, na siku nzima huishia njiani. Nilikuwa nimevaa kama mtu wa pwani, na nilipoteremka Songea nilitetemeka hata mwenye kuuza chai akanicheka akaniongezea tangawizi.

Kwanza nilikwenda kwenye Makumbusho ya Majimaji, maana nilikuwa mgeni na sikujua nianzie wapi. Hapo pana kaburi la halaiki la wazee wa Kingoni walionyongwa na Wadachi mwaka 1906, na mji wenyewe umechukua jina la mmoja wao, Nduna Songea Mbano. Jamaa zake husema kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo, akaonana na wajukuu wa Nduna, akaomba radhi, akaahidi kwamba watasaidia kukitafuta. Nilisimama pale na picha yangu mfukoni nikaona haya kidogo. Mimi nalalamika sijui jina la mwanamke mmoja, na hawa wanalijua jina, wanalijua kaburi, na bado mtu wao hajatimia.

Ruhuwiko si mbali na mjini. Nikaanza kwa balozi wa nyumba kumi, kisha kwa mzee wa kanisa. Nikawaonyesha picha, nao wakaitazama kwa heshima, wakatikisa kichwa. Siku ya pili nikawaonyesha kipande. Mzee wa kanisa alipolisoma lile jina alinyamaza. Halafu akavaa koti lake akasema, "Twende."

Alinipeleka kwa mama mmoja wa miaka sabini na minane, mkulima wa mahindi, mwenye wajukuu wengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniketisha. Nikampa picha. Aliishika karibu na macho, kisha akaiweka mapajani akasema, "Huyu ni mama. Na huyu mchanga ni mimi."

Basi yule nikamwita shangazi tangu saa ile, naye akaniita mwanangu, na mambo mengine yote yakawa mepesi kuliko nilivyoogopa. Tulikula ugali na likolo, nikamweleza habari za babu, kwamba aliishi, na alisilimu, na alioa, na alikufa kitandani mwake. Yeye alikuwa amelelewa akijua kwamba baba yake alikwenda mkonge mwaka 1947 akapotelea huko. "Lakini mama hakupata kusema amekufa," aliniambia. "Watu ndio waliosema."

Kisha akaingia ndani akatoka na mkebe wa majani ya chai. Akaufungua, akanielekezea nisikie harufu.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa katika karafuu. Nimelala juu ya majamvi yake nikilinda mvua, nimezichambua usiku kwa taa hata vidole vikawa vyeusi. Sikutazamia kuikuta harufu ile Ruhuwiko, ndani ya mkebe wa bati, chini ya kitanda cha mtu. Zilikuwa ukufi mmoja hivi, zimekuwa nyepesi kama majani makavu, na vichwa vingi vimekatika. Harufu yenyewe ilikuwa imebaki kidogo sana.

Juu ya karafuu palikuwa na picha ya kijana amevaa kanzu na kofia, amesimama kando ya meza yenye ua. Alikuwa ni babu, na nyuma yake pana muhuri wa Capital Art Studio, Zanzibar. Shangazi akacheka akasema kwamba picha ile ilipoletwa, na mtu aliyekuwa akirudi kutoka mkonge, jirani zao walisema mtu wao amegeuka Mwarabu.

Hapa nataka nisimame kidogo niwaambie wanachama jambo, kwa kuwa najua wengi wenu mna visanduku kama changu. Geuzeni picha zenu. Upande wa mbele tunautazama kila siku, lakini habari aghalabu ziko nyuma. Ile Capital Art Studio ilifunguliwa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akaiendeleza baadaye. Kwa hiyo picha yenye muhuri ule haiwezi kuwa ya kabla ya 1930, hata mzee wenu akiapa kwamba ni ya babu wa babu yake. Zenye jina la A. C. Gomes ni za zamani zaidi, kwani yeye alikuwa akipiga picha Unguja tangu karne ile ya kumi na tisa. Medali nazo zina habari zake: zile za Waingereza za vita vya kwanza kwa kawaida zimechorwa ukingoni jina na nambari ya askari, hali zile za vita vya pili kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo usiisugue ukidhani jina limefichwa na uchafu. Na mkitaka kuandika nyuma ya picha, andikeni kwa penseli laini, polepole, pembeni. Kalamu ya wino hupenya ikaharibu uso wa mtu. Tena msiweke picha chumba kimoja na magunia ya karafuu mbichi. Unyevu ule unaoleta ukungu katika karafuu huleta ukungu katika picha vile vile. Stakabadhi za karafuu nazo msizitupe. Mwanangu alikuwa amekwisha kuwashia moto nusu ya zetu, na ndizo zilizokuwa na tarehe.

Lakini nirudi Ruhuwiko, kwa sababu katika mkebe ule mlikuwa na kitu cha tatu.

Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa pande zote mbili kwa hati ya Kiarabu. Shangazi akanieleza kwamba ililetwa pamoja na picha na karafuu, na mama yake hakukubali isomwe. Pale Songea mjini walikuwako Waislamu wengi wenye kusoma hati ile, mwendo wa kutembea kwa miguu tu. Hakuwapelekea. Watu walimwambia ni hirizi, wengine wakasema ni uchawi wa pwani, naye hakuwajibu. Siku moja tu, shangazi alipokwisha kuwa mtu mzima, mama yake alimwambia, "Mimi najua ni nini. Ni talaka. Wanaume wa pwani huandika talaka. Maadamu haijasomwa, mimi ni mke wa mtu." Alikaa hivyo, hakuolewa tena, hata alipofariki mwaka 1988.

Shangazi akaniuliza, "Wewe waweza kuisoma?"

Nikasema naweza. Nilisoma chuoni nilipokuwa mdogo, kama watoto wote wa kwetu. Nilidhani nitakuta Kiarabu, kumbe ni Kiswahili kitupu, kama wazee wetu walivyokuwa wakiandikiana kabla watu hawajazoea herufi za Kizungu. Babu mwenyewe hakujua kuandika, yamkini aliandikiwa na mwalimu wa chuo. Kukisoma Kiswahili cha namna hii si kazi nyepesi, kwa sababu waandishi wa zamani hutumia herufi moja kwa sauti nyingi: be ile ile huwa b, au p, au mb, na nuni iliyo mbele ya herufi nyingine huachwa. Mwanzo palikuwa na salamu ndefu sana, na tarehe ya mwezi wa Rajabu mwaka 1372, ambayo kwa hesabu ya Kizungu ni Machi au Aprili mwaka 1953.

Baada ya salamu barua inasema kwamba yeye yu hai, yuko Pemba karibu na Wete. Inasema aliugua homa mkongeni, na siku alizolala hakutiwa alama, na alipolalamika akapigwa, akatoka usiku akafika pwani. Akavuka kwa jahazi pamoja na watu waliokuwa wakienda kuchuma karafuu. Anaogopa kurudi nyumbani kwa ajili ya kesi. Mwenye shamba amempa mahali pa kujenga na pa kulima. Amepeleka picha ili mtoto aujue uso wa baba yake, na karafuu ili wasikie harufu ya mahali alipo.

Kisha nikafika mahali nikakwama. Niliona neno nikalisoma "baada", nalo halikuleta maana: ukifika Tanga, baada chombo cha Wete. Nikarudia mara tatu. Shangazi alikuwa amenitazama mdomo. Ndipo nikakumbuka ile be na ile nuni, nikaona kwamba neno ni "panda". Ukifika Tanga, panda chombo cha Wete, wewe na mtoto, ukishuka uliza jina langu pale gatini, nami nitakuwa nikija kila chombo cha Tanga kikifika. Nitangoja hata mavuno makubwa yajayo yaishe. Usipokuja nitajua umenikataa, na sitakulaumu.

Hapo barua imekwisha, isipokuwa salamu za wazee.

Shangazi hakulia. Aliniomba nikirudie kile kipande kinachomtaja mtoto. Nikakirudia. Akasema, "Mama alidhani ni talaka." Akanyanyuka akaenda kuitoa sufuria motoni, akakaa huko jikoni muda mrefu, nasi barazani hatukusema neno.

Mimi nami nilikuwa na langu la kufikiri. Bibi yetu wa Wete alipokuwa hai alikuwa akituhadithia, kama kichekesho, kwamba mumewe kabla hajamwoa alikuwa na wazimu wa majahazi: kila chombo cha Tanga kikiingia yeye huacha kazi akashuka bandarini, hata wakati wa mavuno, hata akikatwa ujira. Kisha siku moja akaacha, akaposa. Baba mkubwa alizaliwa mwaka 1956. Hesabuni wenyewe.

Nilikaa Ruhuwiko siku sita. Shangazi alinionyesha shamba lake na kaburi la mama yake. Tulikwenda pia kwa jirani yake mmoja ambaye baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku, mwanachama wa ule ushirika wao wa NGOMAT ulioundwa mwaka 1936, naye ana daftari zima la mauzo ya tumbaku ya mzee wake, amelifunga kwa kitambaa. Tulilinganisha malalamiko ya baba zetu juu ya mizani na daraja za mazao kwa saa nzima, na kwa kweli hapakuwa na tofauti ila zao lenyewe. Lakini hayo nitayaandika siku nyingine, mhariri akinipa nafasi.

Siku ya kuondoka nilimwambia shangazi wazi wazi habari za eka tatu, na neno la baba mkubwa. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Mimi si kadhi, lakini najua kwamba Mkristo harithi kwa Mwislamu kwa sheria yetu, ingawa watu wanaweza kupeana kwa hiari yao. Naye aliniambia, "Mwanangu, mimi nina mahindi. Mikarafuu siijui hata kuipanda. Nataka nilione kaburi." Akanipa ile picha ya kijana wa kanzu nikaitoe nakala mjini, ya asili ikabaki kwake. Ya mwanamke na mtoto nikafanya vivyo hivyo, ila hiyo ya asili nilimwachia yeye, nami nikachukua nakala. Barua alikataa itoke ndani ya nyumba. Niliinakili kwa herufi za Kizungu, akaiweka nakala hiyo juu, na barua chini, akaufunga mkebe.

Niliporudi Wete tulikaa kikao cha ukoo. Nikasoma nakala yangu ya barua tangu mwanzo hata mwisho. Baba mkubwa alikuwa ameinama, anachora chini kwa fimbo. Nilipofika pale pa kungoja gatini, fimbo ikasimama. Watu wakaanza kusema mengi, huyu habari za urithi, huyu habari za nauli, na mwingine akauliza kama ni halali mtu wa dini nyingine kuzuru kaburi, akajibiwa na kila mtu kwa wakati mmoja.

Baba mkubwa akangoja hata wakanyamaza. Kisha akaniuliza mimi, "Huyu dada yangu, akipanda chombo, hutapika?"

Nikasema sijui, hajapata kuiona bahari.

Akasema, "Basi mwandikie asisafiri wakati wa kusi. Aje maji yakitulia. Na mwambie nitakuwa pale gatini."